Nyumba ya kale Mji wa Kale, Mombasa: tuombe matumizi gani ili iweze kujilisha bila kufa?

Mkaazi_Kuze

Asalaam aleikum wanajamvi. Naomba ushauri wa wanaojua, si wa kubahatisha.

Nyumba ni ya mawe na chokaa, ya chini na ghorofa mbili juu, ndani ya eneo la uhifadhi la Mji wa Kale. Sakafu ni za boriti. Mbele ina mlango wa nakshi, baraza mbili na roshani ya mbao iliyoegemea upande. Nyuma kuna ua mdogo wenye kisima. Vyumba vina upana wa mita 2.6 hivi, urefu kati ya mita 4 na 5. Upande wa kusi maji ya mvua yanaingia na dari la ghorofa ya kwanza limeanza kutoa madoa ya kahawia pale boriti zinapoingia ukutani.

Matumizi yaliyoandikwa ni makazi. Hati ina jina la marehemu, warithi ni 7. Pesa ya matengenezo haipo, ila wateja wapo watatu:

A. Duka la nguo chini, juu stoo ya marobota.
B. Mkahawa mdogo chini, vyumba vya wageni juu.
C. Dalali anayesema tubadili kiwanja chote kiwe cha biashara kwanza, kisha tuuze "kwa bei ya maana".

Maswali: tuanzie ofisi gani? Tuombe kubadili kiwanja chote au sehemu ya nyumba? Nyumba yenyewe itabeba ipi kati ya hizo? Na kaunti ikikaa kimya, ndiyo imekubali?

---

Mpanga_Mji

Waaleikum salaam. Nianze na C kwa sababu ndiyo yenye sumu.

Ruhusa ya kubadili matumizi haimfuati mtu, inafuata kiwanja. Ukiomba "kutoka makazi kwenda biashara" bila maneno mengine, umekipa kiwanja thamani mpya ambayo nyumba iliyo juu yake haiwezi kuilipia. Reti za kaunti (kodi ya mali) zinaweza kupanda, kodi ya ardhi vilevile kama ni ya kukodi serikalini. Mnunuzi naye atapiga hesabu ya ghorofa ngapi zingesimama hapo, si ya kukaza roshani. Nyumba inabaki kuwa kikwazo mbele ya hesabu yake. Hapo ndipo paa "linasahauliwa" misimu miwili ya mvua, kisha inapatikana ripoti kwamba jengo ni hatari kwa umma. Kwa hiyo kubadili matumizi kunaweza kuokoa nyumba na kunaweza kuimaliza, na tofauti iko kwenye maneno mnayoyaomba.

Ombeni matumizi yaliyofungwa kwenye jengo lililopo. Kwa chaguo B, sentensi ya ombi iwe karibu na hii:

*"Kutoka makazi ya familia moja kwenda makazi pamoja na nyumba ya wageni yenye vyumba visivyozidi 5, na mkahawa wa viti visivyozidi 20 katika sehemu ya chini, ndani ya jengo lililopo, bila kuongeza ghorofa, eneo la sakafu wala kubadili uso wa mbele."*

Kila neno hapo lina kazi. "Pamoja na" linawaachia haki ya kurudi kuishi. Idadi ya vyumba na viti inamzuia mpangaji wa kesho asigeuze ua kuwa jiko la nyama choma. "Ndani ya jengo lililopo" linamfungia dalali mlango. Na afisa wa mipango anapoona mmejifunga wenyewe hivyo, maswali yake yanapungua.

Utaratibu, kwa mpangilio ambao haukurudishi nyuma:

Kwanza fanyeni upekuzi kwenye masjala ya ardhi. Angalieni kama ni miliki huria (freehold) au ya kukodi, imebaki miaka mingapi, na sharti la matumizi linasemaje. Pwani usiruke swali hili: je, nyumba na kiwanja ni vya mtu mmoja? "Nyumba bila kiwanja" bado zipo nyingi Mombasa, na mwenye kiwanja akiwa mwingine, huwezi kuomba kubadili matumizi ya ardhi isiyo yako bila saini yake.

Pili, kabla ya kaunti, nendeni Ofisi ya Uhifadhi wa Mji wa Kale, iliyo chini ya Makumbusho ya Kitaifa. Ulizeni nyumba imeorodheshwa daraja gani katika mpango wa uhifadhi, na kama ipo ndani ya ukanda wa kinga wa Ngome ya Yesu, ambayo ni turathi ya dunia tangu 2011. Majibu hayo mawili yanaamua mtagusa nini na hamtagusa nini. Pelekeni ramani ya nyumba kama ilivyo leo kwa kipimo cha 1:50 (sakafu zote, mkato mmoja, uso wa mbele) na picha za kila chumba. Ombeni maoni yao kwa maandishi.

Tatu, mpangaji miji aliyesajiliwa aandike ripoti ya ombi: jirani wanatumiaje nyumba zao, maji safi na taka, takataka, kelele, moto, magari, na kwa nini matumizi mapya ndiyo yatakayolipia ukarabati. Hapa wengi huandika kurasa kumi za historia ya Mombasa na nusu ukurasa wa maji taka. Ifanyeni kinyume.

Nne, tangazo kwa umma, gazetini na bango penye kiwanja, watu wapate kutoa pingamizi. Bango liwe mlangoni, linasomeka. Pingamizi likija baadaye kwa hoja kwamba "hatukuona tangazo", faili lote linaanza upya. Pigeni picha ya bango yenye tarehe.

Tano ndiyo ombi lenyewe kaunti, chini ya Sheria ya Mipango ya Maeneo na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Kuhusu ukimya: sheria hiyo inasema usipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, ruhusa inahesabiwa imetolewa. Msiitegemee. Ukimya wa kaunti si ruhusa ya Makumbusho. Jengo au eneo lililotangazwa linalindwa na Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya 2006, na hiyo ina adhabu zake. Isitoshe, benki wala mpangaji makini hatakubali ukimya kuwa ni hati. Mkikataliwa, rufaa kwa kamati ya uhusiano ya kaunti, ile inayosikiliza rufaa za mipango, ni ndani ya siku 14 tangu uamuzi utolewe, na baada ya hapo ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 14 hukatika upesi sana kwa familia ya watu 7, kwa hiyo kubalianeni mapema nani atasaini rufaa.

Jambo la mwisho kwa leo: ruhusa ya matumizi na ruhusa ya ujenzi ni vitu viwili. Kuwa na ya kwanza hakukupi haki ya kubomoa hata ukuta wa choo. Kuanza bila ruhusa kuna faini hadi shilingi 500,000 au kifungo cha hadi miezi 2, au vyote.

---

Fundi_Chokaa

Mpanga_Mji kamaliza karatasi, mimi niingie ndani ya nyumba. Chaguo A litupwe leo hii. Sababu ni uzito.

Chukua chumba chako cha mita 2.6 kwa 5, yaani mita za mraba 13. Upana huo haukuja kwa bahati. Ni urefu wa boriti ya mkoko. Juu ya boriti kuna mawe na zege la chokaa. Tuseme unene ni sentimita 25. Zege hilo lina kama kilo 1,800 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kila mita ya mraba ya sakafu ina kilo 450, na chumba kizima kama kilo 5,850. Hiyo ni karibu tani 6 kabla mtu hajaingia na kiti.

Sasa ongeza matumizi. Vipimo vya wahandisi, vya kawaida ya Kiingereza vilivyozoeleka kwetu, viko hivi kwa mita ya mraba: nyumba ya kuishi kilo 150, chumba cha wageni 200, mkahawa wenye meza 200, ofisi 250, duka 400, ukumbi wa watu wasio na viti vya kudumu 500. Stoo ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu inahesabiwa kwa kimo: kila mita moja ya mzigo kwenda juu ni kama kilo 240. Marobota yakifika mita 2, una kilo 480 kwa kila mita ya mraba. Chumba chako kilichokuwa kinabeba kilo 1,950 za maisha ya familia sasa kinatakiwa kubeba zaidi ya 6,200, na boriti ni zilezile za babu.

Boriti haivunjiki katikati kama watu wanavyodhani. Inaoza kichwani, pale ilipoingia ukutani, kwa sababu ukuta ukiloa ndipo unyevu unapokaa. Madoa ya kahawia uliyoyataja ndiyo habari yenyewe. Kipimo cha kwanza hakina gharama: chukua bisibisi nyembamba, ichome boriti sentimita 5 kutoka ukutani. Mkoko mzima utakataa kabisa. Ikizama zaidi ya sentimita 1 au 2, kichwa kimekwenda. Kisha gonga kwa nyundo ndogo ukielekea katikati na usikilize. Sauti ya kavu ni njema, sauti ya debe tupu ni mchwa. Andika kila boriti namba kwa chaki, nzima au mbovu, uingize kwenye ramani ya 1:50. Mhandisi atakuheshimu, na bei yake itashuka.

Ukibadilisha boriti, nguzo za muda zisimame kwanza chini yake na chini ya jirani zake mbili kila upande, hadi ardhini, si hadi sakafu ya ghorofa inayofuata tu. Hapa ndipo ajali hutokea: fundi anaegemeza nguzo ya ghorofa ya pili juu ya sakafu ya ghorofa ya kwanza ambayo nayo ni mgonjwa. Boriti mpya iingie ukutani sentimita 20 angalau, kichwa kipakwe dawa ya mchwa, na kiachiwe nafasi ya kupumua. Usikizike kwenye simenti.

Nimefika kwenye simenti. Plasta ya simenti juu ya ukuta wa matumbawe ndiyo inayoua nyumba nyingi zaidi ya mvua. Ukuta huo unanyonya maji chini na kuyatoa usoni. Simenti inaziba uso, maji yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, yanabeba chumvi, na yakifika usawa wa boriti yanatulia hapo. Plasta inavimba na kudondoka vipande vizimavizima, na jiwe la nyuma limekuwa unga. Tumia chokaa kwa mchanga 1:3, chokaa iliyolowekwa majini wiki 3 au zaidi, mchanga uliooshwa kwa maji baridi ya kisima kisicho na chumvi. Lowesha ukuta kabla. Kila mkono (tabaka la plasta) usizidi milimita 10 hadi 12, acha siku kadhaa kabla ya mkono unaofuata, na tundika magunia yaliyoloa siku 7 jua lisiikaushe haraka. Ikikauka haraka inapasuka kama tope la bwawa, na lawama anapewa chokaa.

Kwa hiyo B, lakini kwa masharti. Mkahawa uwe chini ardhini, hakuna boriti chini yake. Juu vyumba vya kulala. Tangi la maji la lita 5,000 juu ya paa, msahau: ni tani 5 zilizokaa kwenye duara la mita za mraba 2.5 hivi, yaani kilo 2,000 kwa kila mita. Wekeni tangi uani chini, pampu ndogo, na juu lita 500 tu zilizokaa juu ya makutano ya kuta mbili nene.

---

Wakili_Mvita

Nyongeza za kisheria, fupi.

Hati yenye jina la marehemu haiwezi kuomba chochote. Fungueni mirathi kwanza. Kwa familia ya Kiislamu mnaweza kwenda Mahakama ya Kadhi. Kuna tangazo la siku 30 katika Gazeti Rasmi, na uthibitisho kwa kawaida huja baada ya miezi 6 tangu kupewa usimamizi. Huo si muda wa kulala: upekuzi, ramani, kuhesabu boriti na maoni ya Makumbusho vyote vinaweza kufanyika katika miezi hiyo.

Tafuteni pia kama nyumba, au hata ghorofa moja yake, iliwahi kuwekwa wakfu. Mji wa Kale hilo si jambo la ajabu. Ikiwa ni wakfu, wasimamizi hawana uhuru wa kubadili matumizi kinyume na sharti la aliyeweka, na Tume ya Wakfu lazima iingie. Mkigundua hili baada ya kusaini na mpangaji, mna kesi mbili badala ya moja.

Kama ardhi ni ya kukodi, ruhusa ya kaunti ni nusu ya safari. Sharti la matumizi kwenye hati lazima nalo libadilishwe, na kodi ya ardhi hupangwa upya hapo. Watu hupata barua ya kaunti, hufungua biashara, na miaka kumi baadaye muda wa ukodi unapoisha wanaulizwa kwa nini walivunja sharti la hati.

Mkataba na mpangaji wa mkahawa usiwe ule wa kurasa mbili wa kununua dukani. Uwe na kiambatisho cha hali ya nyumba chenye picha, marufuku ya simenti na ya kutoboa uso wa mbele, na kifungu kwamba sehemu ya kodi inaingia akaunti ya matengenezo inayosainiwa na warithi wawili kabla mgao haujafika kwa yeyote. Watu 7 wakishagawana kwanza, paa halipati kitu.

Mkitaka kumfunga hata mnunuzi wa baadaye, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inatambua makubaliano ya kuzuia yanayoandikwa kwenye rejista kwa faida ya kiwanja cha jirani. Jirani akikubali, mnaweza kuandika kwamba kimo cha jengo hakitazidi cha sasa. Yeye anapata upepo wake, nyinyi mnapata ulinzi ambao dalali hawezi kuufuta kwa maneno.

---

Chepe

Mnamchosha mtu bure. Badilisha iwe biashara, uza, nunua ploti Nyali, maisha yaendelee. Nyumba ya mawe ni mdomo wa papa.

---

Mpanga_Mji

@Chepe kuuza ni haki yao, hakuna anayewazuia. Ila hesabu yako ina tundu: ndani ya eneo la uhifadhi, biashara kwenye hati si ruhusa ya ghorofa mpya. Mnunuzi anayejua atalipa bei ya nyumba iliyochakaa, asiyejua atawarudia mahakamani. Katikati wamelipa mpangaji miji, matangazo na reti za juu.

---

Mkunazini_Unguja

Natia neno kutoka upande wa pili wa bahari. Mji Mkongwe wetu umo kwenye orodha ya turathi za dunia tangu 2000 na una mamlaka yake yenyewe ya hifadhi, kwa sheria namba 3 ya 2010, hivyo njia ni fupi kuliko huko kwenu. Lakini somo la matumizi ni lilelile. Ile Dispensari ya Zamani ya Mizingani, ya enzi za mfanyabiashara Tharia Topan, ilikarabatiwa miaka ya 1990 na taasisi ya Aga Khan, na roshani zake za mbao ziko hai kwa sababu matumizi mapya yalipangwa kufuata vyumba vilivyokuwepo. Jumba la Beit al-Ajaib la 1883 lilikuwa makumbusho, matumizi mepesi na ya heshima kuliko yote, na bado sehemu yake ya mbele iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafa. Maji yakiingia, cheo cha jengo hakisaidii.

Ushauri: katika masharti ya ruhusa, ombeni wenyewe lisomeke kwamba paa na mifereji vikamilike *kabla* mkahawa haujafunguliwa. Mpangaji aliyekwisha kuanza kuuza kahawa hana tena haraka na paa.

Na mfereji wa paa uwe mpana kuliko unavyodhani, na bomba lake lishuke nje ya ukuta, nusu shibiri mbali na uso wake. Bomba lililozikwa ukutani likipasuka hujui mpaka boriti ikwambie.

---

Mkaazi_Kuze

Shukran sana, mmenifungua macho. A na C tumeziweka kando. Kuhusu B mpangaji ametuma mchoro: vyumba 6, kila kimoja na choo na bafu lake, viyoyozi 6, na mlango wa mbele upanuliwe uwe wa kioo "wateja waone ndani". Pia msanifu wake anasema kaunti itadai maegesho ya magari na ngazi ya pili ya moto, ambazo hatuna pa kuziweka. Mnasemaje?

---

Fundi_Chokaa

Vyoo 6 juu ya boriti ni mvua 6 ndani ya nyumba.

Fikiri bomba. Bomba la choo ni milimita 100 na linahitaji mteremko wa 1 kwa 40. Ukilikokota mita 4 hadi ukuta wa nje, mwisho wake umeshuka sentimita 10. Jumlisha unene wa bomba, unahitaji sentimita 20 za kina. Sakafu yako haina. Fundi bomba atafanya moja kati ya mawili: atainua sakafu kwa zege, kila sentimita 10 ni kama kilo 240 kwa mita ya mraba, au atachonga boriti alipitishe. Hatakuuliza, utakuta vumbi.

Vyumba 4 au 5, vyoo 2 kwa kila ghorofa, choo juu ya choo, vyote vikikumbatia ukuta wa ua. Bomba kuu lishuke nje uani mahali unapoweza kulishika kwa mkono. Sakafu ya bafu iwe na trei ya kuzuia maji inayopanda ukutani sentimita 15, na kidirisha cha kukagulia kwenye dari la chini yake. Bafu likivuja, kidirisha kinakuonyesha siku ileile. Bila hicho utajua mwaka wa pili. Na ulizeni kama nyumba imeungwa kwenye bomba kuu la maji taka. Kama bado ni shimo la uani, vipimo vya shimo la familia havitoshi wageni 10 na mkahawa, na kisima chako kiko hatua chache tu.

Viyoyozi: kimoja kinadondosha lita kadhaa kwa siku ya joto la Mombasa, na maji hayo hupelekwa roshani yakalowesha mbao. Chumba chenye dari la juu na madirisha pande mbili kinahitaji feni ya dari. Akilazimisha, viwe viwili vya ghorofa ya juu, mashine za nje zikae uani, bomba la maji lishuke hadi mferejini.

Mlango wa nakshi usiguswe. Anayetaka wateja waone ndani afungue mbawa mbili za mlango, zilitengenezwa kwa kazi hiyo.

---

Mpanga_Mji

Maegesho: msikubali wala msikatae, jibuni. Ripoti iseme upana wa njia kwa mita, iseme magari hayafiki mlangoni, wageni wanashushiwa wapi, mizigo ya mkahawa inakuja saa ngapi na kwa nini (mkokoteni, asubuhi kabla ya saa 2). Kisha ombeni mlegezo wa sharti kwa maandishi. Ripoti inayokaa kimya kuhusu maegesho ndiyo inayorudishwa.

Moto: kwa ghorofa mbili na wageni wasiozidi 10, ongeeni na kikosi cha zimamoto cha kaunti kabla ya kuwasilisha ombi, si baada. Mnachoweza kutoa badala ya ngazi ya pili ni hiki: jiko liwe chumba cha uani chenye mlango wa kujifunga, mitungi ya gesi nje ndani ya kizimba chenye hewa, vigunduzi vya moshi vilivyounganishwa kila chumba na ngazini, taa za dharura, vizima-moto kila sakafu, na njia ya paani hadi paa la jirani kama jirani amekubali kwa barua. Nyumba nyingi za mtaa zimegusana, njia hiyo mara nyingi ipo tayari. Nyaya za zamani zing'olewe zote. Nyaya mpya zipite juu ya plasta ndani ya mifereji yake, msichimbe kuta.

Usisahau: baada ya matumizi na ramani za ujenzi kupita, kuna usajili wa kazi kwa mamlaka ya ujenzi ya taifa, leseni ya mamlaka ya utalii kwa vyumba vya wageni, cheti cha afya cha mkahawa na kibali cha biashara cha kaunti. Na ruhusa ikipatikana anzeni; ikikaa miaka 3 bila kazi kuanza, inakufa.

---

Mkaazi_Kuze

Nimeelewa. Jumamosi tunaanza kuhesabu boriti kwa chaki. Ya mwisho: roshani ishushwe kabla haijaanguka au isubiri ruhusa?

---

Fundi_Chokaa

Isishushwe. Ikishuka bila ruhusa hutairudisha kirahisi, na utaulizwa imekwenda wapi. Simamisha nguzo mbili za mbao za inchi 4 kwa 4 chini ya mihimili yake, ubao mpana juu na chini, kabari za kukaza kidogokidogo kila asubuhi mpaka iguse, usiinyanyue. Acheni njia ya watu kupita, fungeni kitambaa chekundu, na siku hiyohiyo mwandikie Ofisi ya Uhifadhi kwamba mmeweka tegemeo la dharura, na picha. Ondoeni vyungu vya maua na lile tangi dogo kama lipo huko juu.

---

Mkaazi_Kuze

Lipo. La lita 250. Linashuka leo.